AKIBA HAIOZI? KANDA ZA KOMPYUTA NA AMANA YA KUMBUKUMBU

 

Wazee wetu wamesema kwamba akiba haiozi. Walitaka kumhimiza mtu aweke leo ili apate kesho, wala hapana mwenye akili atakayewapinga. Hata hivyo iko akiba moja ambayo huoza ikiachwa ilale, nayo ni akiba ya kumbukumbu: hesabu, maandishi, picha na sauti zilizohifadhiwa ndani ya mitambo. Akiba hii haina budi kugeuzwa, kuhamishwa na kukaguliwa, la sivyo siku ya kuihitaji mtu hufungua sanduku akakuta hewa.

Makala haya yanahusu kazi ambayo wengi wetu hatuioni ikifanywa, ijapokuwa maisha yetu katika nchi hii yameegemea juu yake. Ni kazi ya kutunza na kuzungusha kanda za akiba katika vituo vya data. Jina la mtoto wako shuleni, vipimo vya damu ya mama hospitalini, kodi ya nyumba uliyolipa kwa halmashauri ya jiji, mshahara ulioingia benki: yote hayo yamo ndani ya kompyuta za watu wengine, na kila kompyuta siku moja huharibika. Linalobakia ni swali moja tu: je, ipo nakala, na je, nakala hiyo yasomeka?

MOTO WA MWAKA 1879

Tuanze na jiji letu hili la Birmingham. Siku ya Jumamosi, tarehe 11 Januari 1879, katika baridi kali ya majira haya tunayoyajua sote, ujenzi wa kupanua jengo la Maktaba Kuu katikati ya mji ulikuwa ukiendelea. Moto ukatoka kwenye bomba la gesi, ukashika kizuizi cha mbao, na kwa muda mfupi ukalimeza jengo. Maktaba ya rejea ilikuwa na vitabu vipatavyo 50,000. Vilivyookolewa vilikuwa kiasi cha 1,000 tu. Humo mlikuwa na mkusanyo mashuhuri wa vitabu vya Shakespeare, na mlikuwa pia na mkusanyo ulioitwa wa Staunton, yaani hati za kale za jimbo la Warwickshire, nyingi kati yake zikiwa zimeandikwa kwa mkono.

Watu wa mji hawakukata tamaa. Walichanga fedha, wakajenga upya, na maktaba mpya ikafunguliwa mwaka 1882. Vitabu vilivyopigwa chapa vilinunuliwa tena au vikatolewa zawadi, kwa kuwa wenziwe walikuwapo katika miji mingine na majumbani mwa watu. Hati za Staunton hazikurudi. Nyingi hazikuwa na nakala, na mji mzima wa Birmingham, pamoja na utajiri wake wote wa viwanda, haukuweza kununua kitu ambacho hakipo tena popote duniani.

Hapo ndipo penye msingi wa elimu yote tutakayoieleza. Thamani ya kitu haikukiokoa na moto. Kilichookoka ni kile chenye mwenziwe mahali ambapo moto ule haukuweza kufika.

KANDA NI KITU GANI, NA KWA NINI ZIMEBAKI

Kituo cha data ni jengo, au chumba ndani ya jengo, ambamo kompyuta nyingi zimepangwa makabatini, zikipozwa kwa hewa baridi usiku na mchana, na kulindwa na mabetri na mitambo ya umeme wa dharura. Kompyuta hizo huweka data zake juu ya diski zinazofanya kazi bila kupumzika. Diski ni nyepesi kusomeka, lakini huchakaa, na lolote litakaloipata kompyuta laweza kuipata na diski yake.

Kwa sababu hiyo data hunakiliwa juu ya kanda za sumaku. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa sana. Ni jamaa ya kanda zile tulizokuwa tukipelekeana baina ya Mombasa, Unguja na Uingereza, zenye sauti za wazee, salamu na vilio vya watoto wachanga. Ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini yashikayo sumaku, umezungushwa ndani ya kaseti. Mwaka 1952 kampuni ya IBM ilitoa mashine yake ya kanda iitwayo 726, na gurudumu lake moja lilibeba takriban megabaiti 2, ambazo leo hazitoshi hata picha moja ya simu. Mwaka 2000 ilitoka aina ya kanda ijulikanayo kwa jina la LTO, na kaseti yake ya kwanza ilibeba gigabaiti 100. Kaseti ya kizazi cha tisa cha aina hiyo hiyo, iliyotoka mwaka 2021, hubeba terabaiti 18, na ukanda uliomo ndani yake una urefu wa zaidi ya mita 1,000, ilhali kaseti yenyewe inaingia katika kiganja cha mkono.

Vijana hucheka wakisikia kwamba kanda bado zinatumika. Sababu zake ni tatu. Ya kwanza, ni rahisi kwa bei mtu akiwa na data nyingi. Ya pili, kaseti iliyokaa rafuni haili umeme. Ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni kwamba kaseti iliyotolewa ndani ya mashine haikuunganishwa na kitu chochote. Hapana mwizi wa mtandaoni awezaye kuifikia, wala amri iliyokosewa awezaye mtu kuipeleka ikaifuta. Tutarudi kwenye jambo hili.

MTOTO, BABA NA BABU

Sasa tuje kwenye zamu zenyewe. Mtu asiyejua angedhani yatosha kuwa na kaseti moja na kuandika juu yake kila usiku. Huko ni kujidanganya. Tuseme karani amefuta daftari la wapangaji siku ya Jumatatu bila ya kujua, na kosa likagunduliwa siku ya Alhamisi. Kaseti ile moja imekwisha andikwa juu yake mara tatu baada ya kosa, kwa hiyo imenakili pengo badala ya daftari. Nakala mpya imeiua nakala nzuri.

Ndipo mafundi wa kompyuta walipobuni utaratibu ambao wao wenyewe huuita kwa majina ya ukoo: babu, baba na mwana. Ni utaratibu wa zamani na mwepesi kuufahamu, na mpangilio wake wa kawaida ni huu ufuatao.

Kaseti nne ni za watoto. Kila moja ina siku yake: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Wiki ikigeuka, kaseti ya Jumatatu huandikwa upya Jumatatu inayofuata, na kadhalika.

Kaseti nne ni za baba. Hizi huandikwa siku ya Ijumaa, nazo hubeba nakala kamili ya kila kitu. Ijumaa ya kwanza ina yake, ya pili yake, hadi ya nne, kisha mwezi mpya huanza tena.

Kaseti kumi na mbili ni za babu. Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi haiandikwi juu ya kaseti ya baba. Huandikwa juu ya kaseti ya mwezi, na kaseti hiyo hukaa mwaka mzima kabla ya kuguswa. Wenye wajibu wa kisheria wa kuweka hesabu kwa miaka mingi huitoa ya mwisho wa mwaka kabisa katika zamu na kuiweka kando.

Ukizijumlisha, ni kaseti 20. Kwa hizo ishirini, kosa la jana hutibiwa kwa mtoto, kosa la wiki tatu zilizopita hutibiwa kwa baba, na hesabu iliyoharibika mwezi wa Machi ikagunduliwa mwezi wa Novemba hutibiwa kwa kumwendea babu wa Februari. Kadiri unavyorudi nyuma ndivyo kumbukumbu zinavyokuwa chache, lakini hazikatiki. Katika koo zetu nako ni vivyo hivyo: habari za leo huulizwa kijana, na habari za asili ya ukoo huulizwa mzee.

Iko hatari moja ya kujihadhari nayo. Ili kuokoa muda, kaseti za watoto mara nyingi huandikwa mabadiliko ya siku ile tu, si data yote. Basi fundi akitaka kurudisha hali ya Alhamisi, huanza na baba wa Ijumaa iliyopita, akafuatisha Jumatatu, Jumanne, Jumatano, hadi Alhamisi. Kaseti ya Jumanne ikiwa imeharibika, mnyororo umekatika hapo. Ndiyo maana wakubwa wa vituo hupima: je, nipate wepesi wa usiku wa leo, au wepesi wa siku ya msiba?

MALI BILA DAFTARI

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye amefanya kazi hii kwa zamu za usiku, alinieleza kwamba sehemu kubwa ya kazi yake haikuwa kompyuta hata kidogo. Ilikuwa daftari. Kila kaseti ina namba yake juu ya kibandiko chenye mistari inayosomwa na mashine. Namba huandikwa pamoja na tarehe ya kuanza kutumika, idadi ya mara ilizoandikwa, mahali ilipo sasa, na nani aliyeishika mara ya mwisho. Katika vituo vikubwa mkono wa chuma ndio unaochukua kaseti rafuni na kuitia mashineni, lakini hata mkono huo hufuata daftari.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kaseti isiyo na kibandiko ni sawa na barua isiyo na anwani. Kaseti iliyoandikwa mara nyingi kupita kiasi huchoka. Kaseti iliyoanguka sakafuni huenda ikaonekana nzima kwa nje ilhali ukanda umekaa upande. Kaseti iliyotoka kwenye baridi ya gari huachwa kwanza ikae chumbani izoee hewa kabla ya kutiwa mashineni. Mashine yenyewe husafishwa kwa kaseti maalumu, na kaseti iliyostaafu huharibiwa kabisa, haitupwi jalalani, kwani ndani yake mna siri za watu.

MBALI NA NYUMBA YA ASILI

Zamu peke yake haitoshi. Kaseti ishirini zilizopangwa vizuri juu ya rafu ndani ya jengo lile lile zitaungua pamoja na kompyuta zake, kama zilivyoungua hati za Staunton. Kwa hivyo asubuhi gari huja, kaseti za baba na babu hutiwa katika sanduku lililofungwa, na hupelekwa kwenye ghala lililo mbali.

Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon nchini Korea ya Kusini, moto wa mabetri ulizuka ndani ya kituo cha data cha serikali. Huduma nyingi za umma zilisimama. Miongoni mwa vilivyoungua ni hifadhi ambamo watumishi wa serikali walikuwa wakiweka nyaraka zao za kazi, yenye terabaiti 858. Haikuwa na nakala nje ya jengo, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Msomaji na apige hesabu mwenyewe. Terabaiti 858 zikigawanywa kwa kaseti za terabaiti 18 ni kaseti 48, mzigo ambao watu wawili wanaweza kuubeba kwa mikono. Ni kweli kwamba data hubadilika kila siku na kunakili huchukua muda na watu, lakini hata nakala ya mwezi mmoja nyuma ingekuwa bora kuliko majivu.

Na amana ikitoka nje, njiani nako kuna hatari zake. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2007. Idara ya kodi ya nchi hii ilituma diski mbili zenye majina, anwani na namba za benki za familia zinazopokea posho ya watoto, watu milioni 25 kwa jumla, kutoka Washington iliyoko kaskazini mashariki ya Uingereza kwenda London. Diski zilitiwa katika bahasha, zikapelekwa kama barua nyingine yoyote ya ofisi, wala hazikuandikwa kwa fumbo. Hazikufika. Tarehe 20 Novemba 2007 waziri wa fedha, Alistair Darling, alisimama bungeni kuwatangazia watu habari hiyo. Haikuwa kanda na haikuwa nakala ya akiba, lakini funzo ni lile lile: kila kitakachotoka mlangoni na kiandikwe kwa fumbo, na ufunguo wa fumbo usipande gari moja na kaseti. Na ufunguo huo nao utunzwe, kwani ukipotea, kaseti nzima imekuwa kipande cha plastiki.

ADUI ASIYEONEKANA

Moto huonekana. Yako maangamizi mengine yasiyo na moshi. Mwishoni mwa Februari 2011, baadhi ya watu waliokuwa wakitumia huduma ya barua ya Gmail walifungua visanduku vyao wakakuta ni vitupu. Kampuni ya Google ilikuwa na nakala kadhaa za barua hizo katika vituo mbalimbali, lakini hitilafu ya programu iliyokuwa ikisambazwa iligusa nakala hizo pia, kwa kuwa zote zilikuwa zimeunganishwa. Zilizookoka ni kanda. Zilikuwa nje ya mtandao, hitilafu haikuzijua, na barua zikarudishwa kutoka humo.

Tangu hapo adui ameongezeka. Wahalifu huingia kwa siri ndani ya kompyuta za hospitali, shule na halmashauri, wakafunga data zote kwa fumbo lao, kisha wakadai fidia. Tarehe 12 Mei 2017 shambulio la namna hii liitwalo WannaCry liliingia katika hospitali nyingi za Uingereza, na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Wahalifu hawa huzitafuta kwanza nakala za akiba ili waziharibu, wakijua kwamba mwenye nakala halipi. Wanaweza kuifuta kila diski iliyounganishwa. Hawawezi kunyoosha mkono wao hadi rafuni penye kaseti iliyolala.

KUSOMA TENA

Sasa tumefika penye kiini cha mazungumzo. Tumekuwa na nakala, tumezipa zamu, tumeziandika daftarini, tumezipeleka mbali. Je, tumemaliza? Bado. Nakala ambayo hapana aliyeijaribu kuisoma ni dhana tu.

Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu tarehe 28 Oktoba 2023. Maktaba ilikataa kulipa fidia. Katika ripoti yake ya mwaka 2024 ilieleza kwamba nakala salama za mikusanyo yake ya kidijitali zilikuwapo. Tatizo lilikuwa kwamba mitambo ya kurudishia nakala hizo ilikuwa mikongwe na mingine imeharibiwa, na kwa miezi mingi huduma zake zikabaki zimefungwa. Ilikuwa kama mtu mwenye ghala limejaa nafaka lakini hana kinu.

Jambo hili linatugusa sisi watu wa pwani. Maktaba hiyo ina mradi wa kuziokoa hati zilizo hatarini ulimwenguni, na miongoni mwa hati zilizopigwa picha kwa mradi huo ni zile za Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Baada ya shambulio, picha za mradi huo hazikuweza kufikiwa mtandaoni kwa muda mrefu. Lakini kanuni ya mradi ilikuwa nzuri: hati zenyewe hubaki katika nchi yake, na nakala ya picha huwekwa huko huko pia. Laiti Lamu ingalitegemea London peke yake, msiba wa London ungekuwa msiba wa Lamu.

Kusoma tena kunahitaji vilevile mashine ya kusomea. Watengenezaji husema kaseti ya LTO ikitunzwa vizuri yaweza kukaa miaka 30. Lakini mashine za kizazi cha tisa husoma kaseti za kizazi cha tisa na cha nane tu. Kaseti ya kizazi cha tano, iliyotoka mwaka 2010, haiingii humo. Ukanda waweza kuwa mzima na sauti yake imenyamaza, kwa sababu hapana tena sikio la kuisikia. Kwa hiyo kituo chenye nidhamu huhamisha data kutoka kaseti za zamani kwenda mpya kila baada ya miaka kadhaa, na huchagua kaseti mara kwa mara, bila ya kutangaza, na kujaribu kurudisha kilichomo hadi faili la mwisho lifunguke na kusomwa na mtu.

UMMA ULIOHIFADHI

Hasha, hatukilinganishi Kitabu cha Allah na madaftari ya benki. Lakini muumini hujifunza utunzaji wa amana kutoka pale ilipotunzwa vyema kuliko zote.

Tumefundishwa kwamba Jibril (A.S.) alikuwa akidurusu Qur'ani pamoja na Mtume (S.A.W.) kila mwaka katika mwezi wa Ramadhani, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake wakaidurusu mara mbili. Kilichohifadhiwa kilikuwa kikisomwa tena. Mahafidh wengi walipouawa katika vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar (R.A.), kwa shauri la Sayyidna Umar (R.A.), alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) aikusanye katika maandishi, isitegemee vifua peke yake. Kurasa hizo zikaja kukaa kwa Bibi Hafsa (R.A.). Kisha Sayyidna Uthman (R.A.) akaamuru zinakiliwe, na nakala zikapelekwa katika miji ya mbali. Vifua na maandishi. Madina na miji mingine. Kusoma na kudurusu. Mafundi wa leo wana kanuni yao isemayo: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali. Maana yake haikuwa ngeni kwa waliotutangulia.

Na Birmingham imo katika habari hii. Mwezi wa Julai 2015 Chuo Kikuu cha Birmingham kilitangaza kwamba karatasi mbili za ngozi zilizomo katika Maktaba yake ya Utafiti ya Cadbury, zenye sehemu za Suratul Kahf, Maryam na Twaha, zilipimwa huko Oxford, na ngozi yake ikaonekana kuwa ya baina ya mwaka 568 na 645, kwa uhakika wa asilimia 95.4. Maneno yake yanakaribiana sana na Msahafu tuusomao leo. Karatasi hizo zilikuwa zimekaa katika jiji hili kwa muda wa karibu karne moja, zikiwa zimeshonwa pamoja na karatasi za msahafu mwingine wa baadaye wenye maandishi yanayofanana nazo, hata mtafiti Alba Fedeli alipozitazama kwa makini. Zilikuwapo, lakini daftari halikujua kwamba zipo. Na Kitabu chenyewe hakikupotea hata siku moja, kwa kuwa hakikuwa kikizingojea karatasi hizo mbili.

NYUMBANI KWETU

Baada ya maelezo haya, mama mmoja aweza kuuliza: na mimi, nisiye na kituo cha data, nifanye nini? Jibu ni kwamba kila nyumba ya mhamiaji ni kituo cha data. Ndani ya kabati na simu zetu mna hati ambazo hapana mwingine aliyenazo.

Asidhani mtu kwamba serikali itamwekea. Mwaka 2018 nchi nzima ilijua kwamba kadi za kuingilia nchini za wale waliotoka visiwa vya Caribbean zamani zilikuwa zimeharibiwa mwaka 2010 na wizara yenyewe ya mambo ya ndani, na wazee waliokaa hapa umri mzima wakashindwa kuthibitisha haki yao. Leo vibali vya ukaazi ni kumbukumbu za mtandaoni. Kadi nyingi za zamani zilifika mwisho wake tarehe 31 Desemba 2024. Usiache mbachao kwa msala upitao. Pasi za zamani, barua za wizara, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, visitupwe kwa kuwa ni vya zamani. Kwa siku ya shida, vya zamani ndivyo vitakavyoulizwa.

Basi na tuzichukue kanuni za kituo cha data tuzifanye za nyumbani, nazo ni tano.

Kwanza, nunueni diski mbili ndogo za nje. Moja iandikwe mwezi huu, nyingine mwezi ujao, kwa zamu, ili kosa la mwezi huu lisiharibu la mwezi uliopita. Mwisho wa mwaka nunueni ya tatu iwe babu, muiweke kando.

Pili, diski ikimaliza kunakili, itolewe kwenye kompyuta. Iliyobaki imeunganishwa si akiba.

Tatu, moja ikae nyumba nyingine: kwa ndugu aliyeko Leicester au London, na yake ikae kwenu. Hizo ndizo amana tunazoweza kuwekeana. Ifungwe kwa neno la siri, na neno hilo wajue watu wawili.

Nne, andikeni daftari. Picha elfu kumi zisizo na majina, wajukuu watazitazama wasimjue hata mmoja. Nani huyu, wapi, mwaka gani: maneno hayo matatu yanaitia roho picha.

Tano, kaseti za sauti na za video zilizoko darini zinakiliwe sasa. Ukanda unadhoofika kila mwaka, na mashine za kuzichezea zinazidi kuadimika. Wengi wa waliosema ndani ya kanda zile wametangulia mbele ya haki, na sauti zao hazina nakala. Hizo ni hati zetu za Staunton.

Na kila mwaka, katika mwezi wa Shaaban, kabla ya shughuli za mwezi mtukufu, watoto na wakae na wazee wao, wafungue diski moja na kuisoma: picha ifunguke, sauti isikike, cheti kisomeke. Kisichofunguka kitafutiwe mwenziwe mara moja, maadamu mwenziwe yupo. Kazi hiyo ni ya saa mbili. Wapeni vijana, kwani wao ni hodari wa mitambo, na wakiisikia sauti ya bibi yao kwa mara ya kwanza hawatahitaji kuhimizwa mwaka utakaofuata.

Akiba haiozi, walisema wazee. Haiozi kwa mwenye kuigeuza.